Kisima cha Mahoma na Wimbo Uliofutwa

Aliye chini ya kisima huimbiwa. Mmeisikia methali hii asubuhi, wajukuu zangu, na mnauliza imetoka wapi. Imetoka kwenye kisima cha kijiji cha Mahoma, kwa mtu aliyeitwa Chilewa.

Chilewa alikosa mengi. Hakuwa na baba, wala shamba la urithi, wala cheti, wala mashine ya kuchimbia, wala ndugu mwenye cheo. Alikuwa na sururu, na uchungu wa kuona kina mama wakifuata maji ya tope kila alfajiri. Akaunda kikundi cha wajane na vijana wasio na kazi. Walichimba visima katika vijiji vikavu, wakauza maji kwa bei ya chini, na faida ikawalisha na kugharimia kisima kingine.

Kushuka alishuka yeye. Wengine walibaki juu kuvuta ndoo za udongo. Desturi ya wachimbaji wa zamani ilikuwa walio juu waimbe na aliye chini aitikie, maana kule chini mtu huona kipande cha mbingu kisichozidi sinia, na upweke wake ni mzito. Chilewa aliifuta desturi hiyo. Alisema wimbo haujazi ndoo, na vijiji vilivyongoja vilikuwa vingi.

Miaka ikapita, watu wakimsifu. Mkewe, Mbeleje, aliona chakula kikirudi jikoni kama kilivyotoka, na mume akilala macho wazi. Akiulizwa, Chilewa alicheka na kusema yeye ni chuma. Nao wakamwamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kumwamini.

Kisima cha Mahoma kilikuwa kirefu kuliko vyote, na udongo wake ni wa kichanga. Siku moja ndoo ikapanda tupu. Wakaishusha, ikapanda tupu tena. Sechelela, mjane aliyesimamia kamba, akainama ukingoni.

"Chilewa, umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi shika kamba utoke."

"Nitoke niende wapi? Kuna kijiji kingine kinangoja. Niacheni hapa. Sitaki kuchimba, sitaki kutoka."

Mchanga ulikuwa ukimomonyoka kidogo kidogo. Kisima hakikutosha watu wawili, na mtu asiyeshika kamba havutwi. Wakambembeleza, wakamtajia watoto wake; kamba hakuishika. Ndipo Sechelela akaketi chini akaanza wimbo wa wachimbaji. Wengine wakadakia, ingawa nusu yake walishaisahau. Malogo, mvuta kamba mwenye sauti ya punda aliyebanwa mlangoni, akaimba kuliko wote.

Wakaimba mpaka koo zikakauka. Kisha sauti ikatoka chini.

"Malogo, nyamaza. Utaniangushia kuta."

"Panda uje uninyamazishe, mtani wangu," Malogo akajibu, akaendelea kuimba.

Wakasikia kitu kama kicheko, halafu kilio cha mtu mzima, halafu mwitikio wa wimbo. Kamba ikakazika. Wakamvuta.

Alipofika juu, Sechelela akamfunika kanga yake. Chilewa akasema kwamba kwa muda mrefu aliamini akitua mzigo watu watakufa kwa kiu, na kule chini hakumsikia mtu.

"Ulisema hutaki wimbo," Sechelela akamwambia.

"Nilisema."

"Nasi tukakutii. Siku nyingine hatutakutii."

Msimu ule hakushuka tena. Alilala, akala, akakaa na Mbeleje. Siku nyingine alilia bila kujua sababu, na hakuna aliyemcheka. Vijana wakajifunza kushuka kwa zamu. Kilichomsumbua ni aibu mbele ya wazee wa kijiji cha Igongwe, ambao aliwaahidi kuwachimbia kwa mikono yake kabla ya kiangazi. Mwishowe akachukua kalamu. Akawaandikia kwamba kikundi kitakuja, ila kitachelewa, na yeye hatashuka. Na kwamba kabla ya kutafuta ndoo na kamba watafute waimbaji, kwa sababu aliye chini ya kisima huimbiwa.

Akaisoma barua mara moja, asifute neno. Akaibandika bahasha kwa ugali, akampa Malogo aipeleke.