Mama Aliyekata kwa Furaha

Kaeni chini, jamani. Na wewe uliyesimama mlangoni kama mgambo, ingia, kaa, usikilize.

Kulikuwa na mama mmoja. Mwanawe wa pekee yuko Ulaya, anasambaza chakula kwa baiskeli kwenye baridi ya kukata masikio. Mama ana kitochi chake, kile kisimu kidogo cha tochi. Wameelewana hivi: kijana akimaliza kazi salama, anabipu. Mama akiona jina la mwanawe, anakata. Kule kukata ndilo jibu, "Nimekusikia, mwanangu." Kubipu, kukata, basi. Miaka imekwenda hivyo.

Siku hiyo mama anachambua mchele na mkwewe. Simu ikaita. Mama akakata, akatabasamu. "Kashamaliza."

Ikaita tena. Akakata. "Leo kanikumbuka huyu!"

Ikaita tena. Mkwe akaweka ungo chini. "Mama, si upokee? Mume wangu habipu hivi."

"Umeolewa juzi, unanifundisha mwanangu? Nikipokea atadhani naumwa, aanze kuhangaika huko barabarani."

"Basi nipe mimi."

"Una wivu mpaka na kitochi? Chambua mchele, mwenzangu, tusije tukatafuna mawe."

Akakata. Kwa furaha kabisa, akakata.

Jioni mkwe akainyakua ile simu, akapokea. Hapo ndipo walipojua.

Aliyekuwa anapiga ni mzee wa Kizungu. Hamjui mama, mama hamjui. Ndiye aliyemgonga kijana na gari lake. Hakukimbia. Alikaa hospitali, kashika simu ya kijana, anapiga palipoandikwa "Mama". Wakamtafutia hadi mfanya usafi wa pale, mwanamke wa Tanga, amsemee Kiswahili. Daktari alikuwa na swali moja tu: huyu kuna dawa inayomdhuru? Kijana kazimia, na aliyejua ni mama peke yake. Utotoni kuna sindano ilimvimbisha koo, nusura wamzike. Hata mke hakuwahi kuambiwa.

Kila mzee akipiga, mama anajibu, "Nimekusikia." Kamsikia nini?

Walingoja, damu haingoji. Wakamchoma sindano ileile.

Mnanielewa? Aliyemgonga ndiye aliyehangaika. Aliyemzaa ndiye aliyekata. Angekata kwa chuki, tungemsema tukamaliza. Kakata kwa upendo! Kakata kwa mazoea!

Na sisi je? Si ndio sisi, mtu unamuuliza habari za nyumbani, anakwambia, "Nzuri, ila baba tumemzika jana"? Nzuri ipi hiyo? Na wewe unaitikia "haya, tushukuru," mguu uko njiani. Jirani anakusalimia mara tatu asubuhi moja, hujiulizi ana nini huyu. Mungu mwenyewe tunambipu tukiamka, akipiga yeye tunakata. Tunaishi kwa alama, jamani. Alama inasema salama, mtu anakufa.

Kijana kaletwa, kazikwa. Lakini yule mzee hajanyamaza. Anapiga kwa namba yake mwenyewe, na mwanamke wa Tanga yuko pembeni yake, tayari kusema. Anataka kuomba msamaha. Mama kakaa na kitochi mapajani, kinaita, mkwe anamtazama.

Wewe ungekuwa yule mama, ungepokea?