Kiboko Aliyeipenda Nchi Kuliko Wote

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Sema wewe, sisi tumeshakaa!"

Pakawa bwawa, jamani, na kando ya bwawa pakawa baraza, na barazani wenye viti ni wenye matumbo makubwa tu. Mkuu wao Kiboko. Hata vichuguu vitatu vilivyohamwa na mchwa zamani vilikuwa na viti, na waliovikalia ni nani? Wapwa zake Kiboko! Wanyama wadogo hawakuwa na hata kigoda.

Ukaja ukame. Baraza likaamua wakubwa wanywe kwanza. Wakubwa wakanywa, wakanywa, wadogo wakaramba tope. Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini asiyemfikia mbuzi goti, akamtazama mwanawe ulimi umemkauka. Moyo ukamuuma. Akaenda barazani.

"Shikamoo, mzee Kiboko. Na sisi tunaomba viti."

"Viti!" Kiboko akapanua kinywa, waaa! "Baraza hili tumeachiwa na mababu. Anayetaka kulibadili haipendi nchi!"

"Haipendi nchi!" wakaitikia wapwa.

"Lakini mzee, watoto wana kiu."

"Mwenye kiu haipendi nchi!"

"Haipendi nchi!"

Pimbi akapiga chafya, chya!

"Haipendi nchi!"

Akaona hapa maneno hayateki maji. Akajitupa chini, akaangua kilio cha msibani.

"Ni kweli, mzee! Mapenzi yetu ni madogo kama sisi wenyewe. Tupe adhabu yoyote, ila usituambie tuipende nchi juani! Lile jua la jabalini litatumaliza!"

Kiboko akacheka, hoo! hoo! hoo! "Kumbe! Basi mpenda nchi ni yule atakayesimama jabalini tangu jua kuchomoza hadi kutua. Atakayekimbia, kiti hana!"

"Ila wewe usisumbuke, mzee," Pimbi akasema, anafuta machozi. "Kaa zako majini. Wakiuliza, tutasema ngozi imekataa."

"Ngozi ya nani? Mimi nitasimama mbele!" Akaapa, wote wanasikia.

Kulipokucha wakapanda jabalini, wakubwa kwa wadogo. Jua likawaka. Wapwa wakatazamana. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Wote watatu majini. Kiboko akabaki anahutubia, ngozi inakakamaa, jasho jekundu linamtiririka.

"Tazameni! Naitolea nchi damu!"

"Hongera, mzee," akajibu Pimbi, kajinyoosha juu ya jiwe, macho kayafumba kwa raha. Si mnawajua pimbi? Kuota jua ndiyo kazi yao. "Itolee na nyingine, adhuhuri bado."

"Nchi yangu..." akaanza Kiboko. Hakumaliza. Gudu-gudu-gudu-gudu, chubwiii!

"HAIPENDI NCHI!" likaitikia jabali zima.

Jua likatua, Pimbi na wenzake bado wapo. Wakashuka kwa vigelegele. Kwanza wakanywa, mtoto wa Pimbi akanywa mpaka akacheua. Kisha wakakalia kiti cha Kiboko: Pimbi, Kindi, Kobe, Kanga na vifaranga vyake, na nafasi ikabaki.

Hadithi yangu imekata kiu, imelala. Funzo lake, wanangu: mdogo asidai kiti, na mkubwa akihubiri kuipenda nchi, aaminiwe kila neno. Mmesikia? Haya. Na wewe bwana uliyejitandaza mkeka mzima, nchi unaipenda?

Basi sogea, wenzio wakae.