Swali Moja la Bi Mererid

Hapo zamani, na si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi tu, katika nchi ya Wales palikuwa na mbunge jina lake Mererid Pugh. Jimbo lake lilikuwa bonde lililobanwa na milima, mvua haikatiki, kondoo wengi kuliko wapiga kura. Bonde lenyewe liliitwa Cwmhelyg. Mkishindwa kulitamka msione haya. Mimi niliosha vyombo miaka minne kwenye mgahawa wa bunge lao pale Cardiff na jina hilo bado linanishinda. Tuliite Bondeni, tuendelee.

Kila Jumamosi Bi Mererid alikaa chumba cha nyuma cha maktaba ya Bondeni akisikiliza shida za watu. Mtu ana shida ya shimo barabarani: anamiminiwa chai, anasikilizwa. Mtu ana shida ya mbwa wa jirani: anamiminiwa chai, anasikilizwa. Jumatatu Bi Mererid anawaandikia wakubwa barua, na wakubwa wanajibu kwamba suala linashughulikiwa. Mnacheka nini? Jibu hilo mnalijua, ni lile lile dunia nzima.

Dawa ilikuwa moja tu: kumwuliza Waziri wa Kwanza, mkuu wa serikali yao, ana kwa ana bungeni, kamera zikiwaka. Ila nafasi za kuuliza zilitolewa kwa bahati nasibu. Wabunge wanapeleka majina, yanachanganywa, yanatoka machache. Jina la Bi Mererid lilipelekwa na kupelekwa, halitoki.

Wa kwanza kumjia alikuwa Mzee Emrys Bowen, mfugaji. Mafuriko yalikuwa yamezoa daraja la Bondeni. Mkewe, Bi Olwen, alilazwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee ng'ambo ya mto, dirisha lake unaliona kabisa. Lakini kufika huko bila daraja ni mzunguko wa saa mbili, na macho ya mzee hayakumruhusu tena kuendesha gari. Basi kila asubuhi alisimama ukingoni akampungia mkewe kofia.

Akamiminiwa chai, akasikilizwa.

"Mwanangu," akasema mzee, "mke wangu ameanza kusahau. Mwaka jana nikipunga, naye anapunga. Siku hizi anamwuliza muuguzi, yule mzee wa kofia ni nani?"

Bi Mererid akalia. Na kabla hajamaliza kupangusa machozi akafanya jambo ambalo wanasiasa wazoefu hulikimbia mbio: akaahidi waziwazi. "Mzee wangu, siku jina langu likitoka, swali ni lako." Wakashikana mikono.

Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Mzee akapunga kofia, akangoja.

Wa pili alikuwa Glenys, karani wa Bi Mererid, mama wa miaka sitini na moja, mkali kidogo. Siku ya mwisho ya kupeleka majina, theluji iliangusha nguzo, mtandao ukakatika Bondeni kote. Bi Mererid mwenyewe alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa. Glenys akamsainisha fomu, akaitia kifuani, akatoka kwenda kituo cha basi. Akateleza, akaanguka, mkono ukavunjika. Akainuka. Akapanda basi pekee la Bondeni, akaunganisha treni, akafika bungeni zimebaki dakika sita, akaikabidhi fomu kwa mkono wa kushoto. Hilo sikusimuliwa. Mimi ndiye niliyemfungia barafu kwenye kitambaa cha vyombo, na akanigombeza kwamba kitambaa si kisafi.

Jina la Bi Mererid likatoka!

Kesho yake Glenys, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakaa kiti cha wageni pale maktaba. Akamiminiwa chai, akasikilizwa.

"Bi Mererid, miaka minane ninaandika shida za watu. Leo andika yangu. Mwisho wa mwezi wanaliondoa basi. Naishi peke yangu kule juu, gari sina, kuendesha sijui. Basi likiondoka, mimi ni mfungwa."

"Lakini Glenys, nilimwahidi Mzee Emrys swali."

"Ulimwahidi kitu ambacho hukuwa nacho," akasema Glenys, akiinua mkono wenye plasta. "Nani aliyekuletea?"

Bi Mererid akamwongezea chai.

Wa tatu aliingia tumbo mbele. Huyu ni Lowri, mimba ya miezi minane. Wakati wa uchaguzi alizichora picha za Bi Mererid masharubu, Bondeni kote.

"Ndiyo, ni mimi," akasema, "na kura nilimpa mpinzani wako."

Akamiminiwa chai hivyo hivyo, akasikilizwa.

"Ijumaa wanafunga wodi ya wazazi hapa Bondeni. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa nilivuja damu, wakaniwahi kwa dakika chache tu. Hospitali nyingine iko nyuma ya mlima, saa moja na nusu, na theluji ikianguka barabara inafungwa. Sikuja kuomba fadhila. Nimekuja kwa mbunge wangu. Au wewe ni mbunge wa waliokuchagua tu?"

Najua mnachotaka kusema. Mtasema, si ayaunganishe yote matatu! Wiki moja kabla, mbunge mwenzake aliyaunganisha mawili. Waziri akatabasamu, akamshukuru kwa hoja zake nzito, akasema suala linashughulikiwa, akakaa. Mwulize jambo moja lenye ncha, atajibu. Mwulize matatu, umempa mlango wa kutokea.

Ikafika Jumanne. Wote watatu walikuja, wakapanda jukwaa la wageni. Viti vilikuwa vimejaa, Lowri akabaki amesimama, anashika kiuno. Mzee Emrys akainuka.

"Kaa, binti. Kiti nakupa," akasema. "Swali sikupi."

"Asante, babu," akajibu Lowri, akakaa. "Swali sikuombi wewe."

Glenys akawaambia wote wawili wanyamaze, bunge limeanza.

Nami niliacha sahani kwenye maji, nikaja kusimama mlangoni. Spika akaita, "Mheshimiwa Mererid Pugh!" Bi Mererid akasimama. Hakuwa na karatasi. Akamtazama Waziri, kisha akainua macho kule jukwaani, na mimi niliyezoea kuwacheka wabunge, siku ile nilimwonea huruma. Dakika yake ikaanza kuhesabiwa. Akafungua mdomo.

Alichouliza nakijua, na sisemi, maana nikisema mtajifanya mlikuwa na jibu hilo tangu mwanzo. Mmoja aliahidiwa akangoja miaka miwili. Mmoja alivunjika mkono ili swali lipatikane. Mmoja hakutoa kitu, ila Ijumaa ilikuwa inamjia na tumbo lake. Sasa simama wewe pale, saa inakwenda, na wote watatu wanakutazama. Swali lile lilikuwa la nani, na wale wawili utakaowanyima, Jumamosi wakija, utawaambia nini?