Siku Wema Ulipovuka Mto

Hii nimeletewa na shangazi yangu mwenye duka, nikacheka mpaka chai ikapoa. Isome, kisha mtumie yule unayemjua, anayewanyima wageni mkopo.

Falme mbili zilitenganishwa na mto. Watu walikuwa wakikopa upande huu, wakishindwa kulipa wanavuka kwenda upande wa pili kuanza upya, macho makavu. Wafalme wakachoka. Wakakubaliana kila mwaka wapelekeane karatasi yenye majina ya waliotoroka madeni.

Bi Mwanakheri, mkamua mafuta ya ufuta, yeye alivuka kwa sababu nyingine kabisa. Binti yake aliyeolewa ng'ambo alikuwa amejifungua mapacha. Bibi gani angebaki nyumbani? Akaja na kinu chake pamoja na ng'ombe wa kukizungusha, akaenda kwa Bwana Makame, mwenye maghala, kuomba magunia kumi ya ufuta kwa mali kauli. Achukue leo, alipe akishauza mafuta.

Bwana Makame akapitisha kidole kwenye karatasi ya mwaka ule.

"Jina lako halimo."

"Alhamdulillahi! Basi nipe magunia."

"Mama, asiyekuwemo humu simjui. Na nisiyemjua simkopeshi."

Akatoka pale na uchungu. Kinu kilikuwa kimekaa bure wiki ya tatu, na ng'ombe anataka kula. Asipopata ufuta itabidi amuuze ng'ombe, arudi kwao, awaache wajukuu ambao hata hajawashiba. Akaenda moja kwa moja kwa mfalme wa huko alikohamia.

"Mfalme, kule kwetu nimekopa miaka ishirini na nimelipa. Kwa nini ubaya wa mtu unavushwa mto, wema wake unaachwa gatini?"

Mfalme akakuna kidevu. Hakuwahi kuulizwa hivyo.

"Nikimwandikia mfalme wa kwenu kuomba habari zako, zitakuja zote, hata mbaya. Unaridhia?"

Bi Mwanakheri akakumbuka deni moja. Mwaka wa nzige alichelewa kulipa kwa miezi miwili, na aibu ile hajaisahau. Angeweza kuaga akaenda zake.

"Naridhia," akasema. "Zije zote. Mimi si malaika."

Jibu hilo likampendeza mfalme. Akapiga mbiu kwamba kila aliyehamia kutoka ng'ambo, akiridhia mwenyewe, aombewe habari zake. Waziri akacheka. "Wabaya wote wanajaa karatasi moja. Hao wema watajaa kiganjani." Akampa tarishi kijimkoba kidogo.

Siku ya tisa tarishi akarudi. Mbele yake walitembea punda watatu wa kuazima, wameelemewa na makaratasi. Watu wakamiminika sokoni kuangalia. Kumbe waliolipa madeni yao walikuwa wengi kiasi hicho, na hakuna aliyewahi kuwauliza!

Waziri, uso umemshuka, akaamriwa asome karatasi ya Bi Mwanakheri kwa sauti.

"Mwaka wa nzige alichelewa miezi miwili. Akalipa yote, hakubakisha hata senti. Miaka mingine hakuchelewa kamwe. Tumemkosa sana huyu mama. Mkimchoka, tafadhali turudishieni."

Soko zima likaangua kicheko na vigelegele. Bi Mwanakheri alicheka huku analia. Bwana Makame akaona wenye maghala wenzake wawili wameanza kumsogelea mama huyo, akapenya katikati ya watu mbio mbio.

"Huyo ni mteja wangu! Mama, kumi ya nini? Chukua magunia ishirini!"

"Kumi, mwanangu," akajibu Bi Mwanakheri, akijifuta machozi. "Ndiyo ninayoweza kulipa."

Funzo: Ukimpima kila mgeni kwa matapeli wachache, utawakosa waaminifu wengi. Ukiuliza habari za mtu, mwombe ridhaa, kisha uliza zote, mbaya na nzuri.