Fisi Mkusanya Sufu

Mwaka mmoja baridi ilishuka milimani ikakataa kuondoka. Umande uliganda majanini, na hata Simba, mfalme, akawa anatetemeka mbele ya raia wake. Akaagiza mablanketi yafumwe.

Kondoo walikuwa wachache, watatu bonde hili, wanne kilima kile, na sufu ya kaya moja haikutosha hata blanketi la mtoto. Ilibidi ikusanywe pamoja. Fisi akajitolea kuzunguka na magunia, akaapa kwamba hataki malipo ila shukrani. Kondoo wasijisumbue kumfuata. Yeye mwenyewe angefikisha yote kwa Sungura, mfumaji.

Njiani alipitia pangoni kwake. Sufu aliitandika chini, akajilaza juu yake, akajiona ana akili kuliko mlima mzima. Magunia akayajaza nywele zake kuukuu, nyasi na vishona-nguo, zile mbegu zenye miba, kisha akafunika juu kwa sufu kidogo.

Sungura alitia mkono katika gunia la kwanza, akachomwa. Akautoa polepole, akalifunga gunia. Alimshukuru Fisi kwa heshima zote, akamwambia kuwa blanketi la kwanza litakuwa lake, tena atavikwa mbele ya Simba. Fisi akavimba kichwa.

Siku ikafika. Fisi alivikwa, na papo hapo mgongo ukaanza kuwaka. Akatabasamu. Akajikuna kwa siri ubavuni, kisha shingoni, kisha mahali pasipotajwa mbele ya mfalme.

"Ni laini?" Simba akauliza.

"Laini sana, mtukufu," alisema Fisi, machozi yakimlengalenga.

"Basi usilivue," akasema Sungura. "Nimelifuma kwa kilichokuwa ndani ya magunia yako. Sikuongeza kitu."

Hotuba zikaanza. Fisi aliivumilia ya Tembo. Ya Kobe ikamshinda. Alilitupa blanketi chini akafoka, "Huyu mfumaji gani? Vishona-nguo nilivitia chini kabisa ya gunia, naye amevifuma vyote."

Baraza zima likamgeukia. Kondoo mmoja, bibi wa makamo, akauliza taratibu, "Na sufu yetu uliitia wapi, Bwana Fisi?"

Fisi akatupa jicho upande wa pango lake. Kondoo walikwenda wenyewe pangoni, wakalikunja tandiko, wakampelekea Sungura. Simba akapata blanketi, na kila kaya ikapata lake, isipokuwa moja.

Tangu hapo Fisi huwaambia wapita njia kwamba mablanketi ni ya wavivu, yeye baridi haimwingii. Na meno yakimgongana, husema anacheka.