Nani Aliyemtengeneza Bi Miwani?

Kaeni vizuri, na mwenye neno alishike kwanza, maana hadithi hii itawagombanisha.

Tanga palikuwa na watu watatu wenye vipaji. Mwanahawa alikuwa na jicho la urembo: akikutazama mara moja anajua nguo ipi itakupendeza na ipi itakuaibisha. Fundi Kombo alikuwa na mkono: kifuu cha nazi unachotupa wewe jalalani, yeye anakigeuza bangili ya kuvaa bibi harusi. Mwalimu Sudi, mkuu wa kikundi cha taarab cha Fanaka, alikuwa na sikio: hata ukijiimbia jikoni, yeye anajua wimbo gani utakufaa.

Na palikuwa na Salhina, mdogo wake Mwanahawa. Alikuwa na sauti ya kuwaliza watu, na makengeza ya kuwachekesha. Basi akawa anaimba nyuma ya pazia, watu wakidhani ni kanda. Aibu ilikuwa inamla.

Mwanahawa ndiye aliyesema, "Mdogo wangu, jicho hulifichi kwa ushungi. Lipambe." Akachukua wanja, akachora ukutani miwani pana, nyeusi, pembe zimepanda juu.

Kombo aliutazama mchoro ule, akacheka, kisha akafunga duka. Akachonga fremu kwa vifuu, akaivunja, akachonga nyingine, mpaka ikakaa puani mwa Salhina bila kumlemea. Vioo akavitia weusi mzito, mtu asijue jicho linaelekea wapi.

Mwalimu Sudi alipomwona ameivaa, alikwenda moja kwa moja kutunga. Kesho yake alikuja na wimbo wa mwanamke anayeficha macho ili mpenzi asiyasome. Akamtoa nyuma ya pazia, akamsimamisha mbele, akamwita Bi Miwani. Ukumbi mzima ulisimama.

Mwanzoni Salhina alifurahi, asikwambie mtu. Lakini vioo vile vilikuwa vyeusi kweli. Jukwaani haoni hata vidole vyake. Anasikia watu wanalia, hajui ni nani. Makengeza yalishaacha kumuuma siku nyingi, ila kila akiigusa fremu watu wanapiga kelele, "Usivue!" Alijiona amefungiwa chumbani, na funguo wanazo anaowapenda.

Miaka ikapita, na sasa binti yake Nasra anaolewa. "Mama," alimwambia, "uniimbie macho wazi. Sijawahi kuona unavyonitazama ukiimba." Salhina akakubali kabla hajafikiri.

Fanaka wana mila yao: pambo lililompa mwimbaji jina lake halivuliwi jukwaani ila kwa ruhusa ya aliyemtengeneza mwimbaji huyo, na neno lake halipingwi. Basi siku ya harusi, kabla ya kupanda jukwaani, Salhina aliwaita wote watatu.

"Vua," alisema Mwanahawa. "Nilikuvisha upate kujiamini, na umeshajiamini. Wazo lilikuwa langu, ruhusa ni yangu."

"Usivue," alisema Kombo. Mikono yake siku hizi inatetemeka. "Wazo lako, Bi Mwanahawa, lilikuwa wanja ukutani. Mimi ndiye niliyelitia puani. Sitachonga tena maishani mwangu. Hiyo ndiyo kazi yangu iliyobaki mbele za watu."

"Avue," alisema Mwalimu Sudi, "lakini akivua ndiyo basi. Kikundi kizima kinaishi kwa jina hilo. Nitampa mwingine, jina na wimbo. Bila wimbo wangu, hiyo ni miwani ya kuzuia jua tu."

Salhina aliwatazama mmoja mmoja, asione mwongo. Alitamani angalau mmoja wao awe mbaya, apate wa kumkasirikia.

"Na mimi je? Sauti si yangu?"

"Sauti ulikuwa nayo," alijibu dada yake kwa upole, "nyuma ya pazia." Ilimuuma, kwa sababu ni kweli.

Fidla zimeanza. Zimerudia mwanzo wa wimbo, zinarudia tena. Salhina kasogea mbele, mkono uko kwenye fremu. Kuivua hawezi, kuiacha hawezi.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: aliyewaza, aliyechonga, au aliyemtungia wimbo, nani hasa aliyemtengeneza Bi Miwani? Mkimtaja mmoja, neno la huyo ndilo litakalofuatwa. Basi mngemtaja nani? Msikawie, mama wa watu kasimama, na mwanawe anamtazama.