Jina la Binti wa Melania

Hapo zamani, si za mababu, zamani hizi hizi za kompyuta, palikuwa na hospitali yenye madirisha mawili ya kuandikisha wagonjwa. Karani akitaka kumpa mtu namba, anachungulia namba ya mwisho kwenye kompyuta, anaongeza moja. Rahisi, eti? Basi siku moja karani wa huku akachungulia, akaona 417. Wa kule naye akachungulia, akaona 417. Wote wakaandika 418! Nusura mgonjwa mmoja achomwe sindano ya mwenzake.

Walipoulizwa, kila mtu alikana. Karani Perusi, wa dirisha la huku, peke yake akasimama mbele ya wakubwa: "Ni mimi. Na ndivyo tunavyofanya siku zote." Akahamishiwa kufua mashuka.

Fundi wa kompyuta, Sikudhani, akazisikia habari hizo. Akaifundisha kompyuta kugawa namba yenyewe. Ikishatoa namba haiirudii, hata mwenye namba akifutwa.

Sasa njooni kwa Melania Kihiyo. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ikafika, akajifungua, damu ikawa haikatiki. Na wodi hiyo hiyo, jamani, alikuwamo Melania Kihiyo mwingine! Damu ikaletwa ya Melania Kihiyo. Daktari akafoka, "Mtundikie, anatuponyoka!"

Muuguzi Kolasa akagoma. "Jina ndilo, namba siyo. Damu hii ni ya 902. Huyu ni 903." Akatukanwa, akakimbia maabara, akarudi na damu iliyo sahihi. Melania akafumbua macho, akamsikia binti yake analia.

Siku ya kumtoa mtoto nje, Melania, aliyekwisha kusimuliwa yote, aliwaalika Perusi, Sikudhani na Kolasa. Akawapikia wali, akawapakulia kwa mkono wake, machozi yakimtoka. "Dada zangu, asante haitoshi. Niliapa mtoto huyu atabeba jina la aliyeniokoa. Nisaidieni, ni nani?"

"Mimi niliizuia ile damu," akasema Kolasa.

"Ungeizuia kwa lipi, dada, kama namba zingefanana?" akadakia Sikudhani. "Kompyuta niliifundisha mimi."

Perusi akanawa mikono yake, iliyochubuliwa na sabuni ya kufulia mashuka. "Ungeifundishia nini, mdogo wangu, kama nami ningekana?"

Melania akawatazama mmoja mmoja, naye akawapenda wote sawasawa. Ndugu wamekaa, jina halijatajwa, mtoto yuko mikononi.

Haya, nanyi mmeshasikia yote. Perusi, Sikudhani au Kolasa: je, nani alistahili?